Mpaka wa Tanuri

Saba walipoanza kuchimba, Rosl Amthor alikuwa wa kwanza kugeuka. Hakungoja aambiwe. Aliwapa mgongo, akamshika bintiye Irmgard mabega akamgeuza naye, wakasimama wakiutazama mto Main unavyojikunja chini ya ukuta wa mji. Shemeji yake Ewald na mkewe Hedwig nao waligeuka. Ndivyo inavyofanywa hapa Hasselbronn tangu enzi za watawa waliopanda mizabibu ya kwanza. Chini ya kila jiwe la mpaka pamezikwa alama, na alama hiyo wanaijua watu saba tu, walioapa kuingia nayo kaburini. Jiwe mwizi anaweza kulisogeza. Alama hawezi, kwa kuwa hajui atafute nini.

"Usichungulie, Rosl," alisema Ewald akiwa bado ameukabili mto. "Utageuka nguzo ya chumvi kama mke wa Lutu."

"Nikigeuka chumvi mnichukue nyumbani kwenu. Nasikia inahitajika."

Hedwig alicheka, maana mapishi yake yalijulikana. Nyuma yao makoleo yalikuwa yakigonga mawe ya chokaa, kisha yakanyamaza, na Saba wakanong'ona.

Jiwe lenyewe lilikuwa limeng'olewa na mvua ya mawe ya mwezi wa Agosti. Maji yaliporomoka toka msituni juu, yakakata ukuta mmoja wa matuta, yakalibeba jiwe hadi barabarani. Lingeweza kukaa hivyo mwaka mzima pasipo mtu kujali, lakini mwaka huo serikali ilikuwa inakusanya mashamba. Vipande vyetu ni vidogo, vimetawanyika mlima mzima kama viraka, na wapimaji walikuwa wameamua kuvunja matuta, kuvichanganya vyote, kisha kumgawia kila mtu shamba moja kubwa kulingana na ubora wa udongo aliokuwa nao. Kwa hiyo kila mpaka ulipaswa kuthibitishwa kwanza. Na mpaka huu ulikuwa wa Tanuri.

Tanuri ni lile bonde dogo katikati ya mlima, mahali ambapo theluji huyeyuka kwanza na mijusi hutoka wakati sehemu nyingine bado tunavaa makoti. Sehemu ya Rosl, aliyoirithi kwa baba yake, ilipakana na ya Ewald.

Kulikuwa na jambo moja la kuamuliwa kabla ya kuchimba. Alban, mume wa Rosl, alikuwa mmoja wa Saba, na Saba hawaamui mambo ya ndugu zao. Mzee Kilian, mkubwa wao, aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Rosl ndiye aliyemjibu.

"Mzee, huyu ni mume wangu na ni ndugu yake Ewald, toka nitoke. Mtu anayevutwa pande mbili kwa nguvu sawa husimama wima."

Watu walicheka, hata Saba wenyewe, na Alban akachukua koleo lake.

"Haya, geukeni mwone," alisema Mzee Kilian kazi ilipokwisha.

Walipogeuka, mzee alikuwa amesimama ndani ya mizabibu ya Rosl. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mahali pa jiwe, na safu nne za mizabibu ya Rosl zilikuwa zimebaki upande wa Ewald.

Irmgard ndiye aliyesema. "Si hapo. Jiwe lilikuwa kule, penye ngazi. Nilikuwa nalikalia nikila mkate."

"Irmgard," alisema mama yake.

"Mama, wewe mwenyewe ulikuwa unanipigia kelele nishuke juu ya jiwe."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto hukalia mawe mengi." Rosl alikuwa ameona haya mbele ya watu. "Saba wameona alama. Macho yako na alama ya Saba, nani wa kuaminiwa? Waombe radhi."

Irmgard alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliwaomba radhi wazee saba kama msichana wa ungamo la kwanza, uso umemwiva. Alban alikuwa anafuta udongo kwenye koleo lake kwa jani, upande huu, kisha upande ule.

*

Mezani hakuna aliyegusa habari hiyo mpaka soseji za siki zilipokwisha. Ndipo Irmgard alipoweka uma chini.

"Basi mimi na Burkhard hatutarudi," alisema.

Huyo Burkhard alikuwa mchumba wake. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha gololi za chuma huko Schweinfurt, na walikuwa wamekubaliana na wazazi kwamba mashamba yakigawiwa upya wataacha kiwanda, watarudi kuishika nyumba. Hesabu ilisimama juu ya Tanuri. Mwenye udongo wa Tanuri angepewa shamba jipya tumboni mwa mlima. Asiye nao angesukumwa chini, kwenye tambarare ya kando ya mto, ambako baridi ya mwezi wa Mei hukaa kama mgeni asiyejua kuaga na kuua machipukizi yote.

"Bado tuna kipande cha Tanuri," alisema Rosl.

"Kilichobaki hakimtoshi mbuzi. Burkhard hataacha mshahara aje kulima ukungu."

"Baba yako atafikiri jambo. Alban, sema neno."

"Yamekwisha amuliwa," alisema Alban.

"Najua yameamuliwa. Nasema umpe mtoto neno la moyo."

"Tambarare nayo inazaa," alisema Alban, akaamka kwenda kulisha sungura.

Irmgard alipanda basi la saa kumi. Kituoni mama yake alimpa chupa mbili za divai na mkate, akamtengeneza kola ambayo haikuwa imekunjika. "Usiwe na kinyongo na wazee," alimwambia. "Tukianza kuwashuku Saba, tutalala na bunduki kila mtu kwenye mpaka wake." Aliyasema kwa roho nyeupe kabisa. Babu yake na baba yake walikuwa wa Saba wakati wao, na kiti cha baba yake ndicho Alban alichokirithi, ingawa alikuja katika nyumba ile na sanduku moja tu.

*

Jumatatu Hedwig alikuja na keki ya hamira iliyosukwa, imefunikwa kitambaa cheupe. Kwa kawaida Hedwig haleti kitu. Rosl alimwekea kahawa, akajilazimisha kuwa mwema, kwa sababu mtu aliyeshinda kihalali hastahili kununiwa.

"Nimekuja tu," alisema Hedwig. "Ewald alisema ningoje, nikamwambia hapana, Rosl ni mtu wa kushukuriwa ana kwa ana. Si wanawake wote wangekubali."

"Kukubali nini? Saba wakishasema, nani anaulizwa?"

"Ah, sisi wawili hatuna haja ya kusemezana hivyo. Sisi ni wake wa ndugu." Hedwig alikata keki. "Mimi nilimwonea huruma Alban, kusema kweli. Siku ile ya Jumatano ya Majivu alipoteremka mlimani mikono ilikuwa imegeuka buluu. Udongo umeganda na mtu anachimba peke yake, kwa umri ule. Nikamwekea supu, hakuweza kushika kijiko. Nikamwambia, Alban, na wewe ungengoja joto. Akasema, hapana, leo ndiyo siku, mji mzima uko kanisani."

Rosl aliendelea kumimina kahawa mpaka ikafika ukingoni mwa kikombe. Asubuhi ya Majivu Alban alilalamika mgongo. Yeye Rosl alimpashia moto kifuko cha kokwa za cheri, akakiweka mgongoni pake, akamfunika, kisha akaenda kanisani kupakwa majivu. Aliporudi alimkuta kitandani, na kifuko kikiwa kimepoa chini yake.

"Kula keki," alisema Hedwig. "Nimeweka siagi ya kweli." Kisha akamtazama vizuri, na kijiko chake kikasimama. "Alikwambia, sivyo? Ewald alisema mmepatana."

"Asante kwa keki," alisema Rosl.

"Rosl, mimi nimesema supu tu. Habari ya supu."

"Nimesikia. Funga mlango vizuri ukitoka, upepo unaingia."

*

Alban alikuwa ghalani chini ya nyumba, ndani ya pipa kubwa. Mapipa yetu makubwa huoshwa na mtu. Unaingia kwa kimlango cha mbele ukiwa umejikunja kama samaki kwenye mtungi, unasugua mbao kwa brashi, na sauti yako humo ndani inakuwa nzito kama ya askofu. Rosl alishuka akasimama mbele ya kimlango, akakiziba kwa sketi yake.

"Unaniziba mwanga," ilisema sauti ya Alban. "Nipe brashi ndogo."

Akampa. "Jumatano ya Majivu ulikuwa wapi?"

Brashi ilisugua mara chache, ikaacha. "Kitandani. Si ulinilaza mwenyewe?"

"Hedwig alikuwa juu hapa. Amekuja kunishukuru. Anasema mikono yako ilikuwa ya buluu."

"Hedwig anaongea sana."

"Hilo mji mzima unalijua. Mimi nauliza mikono."

"Sogea nitoke kwanza."

"Sema humo humo."

Maji yalidondoka ndani ya pipa. Hatimaye Alban alisema, "Siwezi kusema. Nimeapa. Lililo chini ya jiwe haliambiwi hata mke."

"Sijakuuliza kilicho chini ya jiwe. Wala sitaki kukijua. Nauliza ni nani aliyekitoa mahali pake akakipeleka kwenye mizabibu yangu."

"Ni lile lile."

"Si lile lile, Alban. Kiapo ulikula ili utunze mpaka. Sasa umekifanya blanketi la kujifunika."

Alban aliweka brashi chini. Alipoanza kusema alisema upesi, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo peke yake mara nyingi. "Tanuri lote lilikuwa letu. Babu yangu aliipoteza sehemu yako kwenye karata, mbele ya babu yako, amelewa, na babu yako anamjazia. Mama alipokuwa anakufa alinishika mkono. Alisema, wewe uko mle ndani ya nyumba yao, utajua la kufanya."

"Mama yako amekufa zamani. Mimi ndiye niliyemwosha. Mbona hukufanya siku hizo?"

"Jiwe lilikuwapo siku hizo. Mvua imeliondoa Agosti iliyopita."

"Kwa hiyo ulingoja. Ulikuwa unalala hapa unangoja mvua."

"Sikungoja. Ilikuja tu." Kikohozi. "Rosl, unajua naitwa nani katika mji huu? Alban wa Büttner, jina la nyumba yenu. Nyumba hii ni ya Büttner, shamba la Büttner, divai ya Büttner, na wa mwisho aliyeitwa Büttner alikufa kabla ya vita ya kwanza. Hata mbwa wetu huitwa mbwa wa Büttner. Mimi na mbwa tuna ubini mmoja."

"Mbwa hakuapa kanisani."

Rosl aliona vidole vya mumewe vimeshika ukingo wa kimlango, vimekunjamana kwa maji, na kwa kitambo kidogo alimhurumia, kwa kuwa ni vidole alivyovizoea. Ndipo akakumbuka Irmgard akiwaomba wazee radhi, baba yake amesimama pale pale anafuta koleo.

"Kesho utakwenda kwa Mzee Kilian," alisema. "Utamwambia. Kikao cha wapimaji ni Ijumaa, kuna nafasi ya kurekebisha."

"Watanitoa katika Saba."

"Watakutoa."

"Hajatolewa mtu tangu mji huu uwepo. Nitatembeaje barabarani?"

"Kama ninavyotembea mimi kuanzia leo," alisema Rosl, akaondoka kwenye kimlango, mwanga ukampiga Alban usoni.

Kesho yake Alban hakwenda. Wala kesho kutwa. Alikula, akalisha sungura, akasugua mapipa yaliyokwisha safishwa.

*

Alhamisi Rosl alikwenda mwenyewe. Mzee Kilian alikuwa uani akichambua fito za mwerebi, zile nyembamba za kufungia mizabibu kwenye nguzo, ameziloweka kwenye beseni ili zisivunjike. Alimwonyesha Rosl benchi, naye Rosl akachukua fungu akaanza kuchambua, maana haifai kuzungumza na mtu anayefanya kazi huku mikono yako imelala.

"Mzee, siku mlipochimba Tanuri, udongo ulikuwaje?"

"Umetoka nyumbani kuja kuniuliza udongo."

"Ulikuwaje?"

Kilian alichagua ufito mmoja, akaupinda, akautupa. "Laini," alisema. "Koleo liliingia kama kwenye siagi."

"Na wenzako waliona?"

"Wana mikono. Mtu akichimba ardhi iliyochimbwa wiki iliyopita anajua."

Rosl alikuwa amejiandaa kumshawishi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, namna atakavyomwambia habari ya supu, ya kokwa za cheri, na jinsi mzee atakavyoshtuka. Hakujiandaa kwa hili. "Mlijua," alisema. "Mmesimama pale mkijua, mkamwacha binti yangu awaombe radhi."

"Hilo liliniuma."

"Lilikuuma wapi?"

"Rosl, sikiliza. Mlima huu una mawe mangapi? Nikisema jiwe moja limechezewa na mtu wetu, kesho nitakuwa na mji mzima mlangoni, kila mtu na jiwe lake. Watu hawa wamepita kwenye vita, kwenye njaa, walipita kwenye ile miaka jirani alipokuwa akimshtaki jirani kwa polisi. Kwa mipaka hawakuwahi kuuana. Kwa sababu gani? Kwa sababu waligeuka migongo wakatuamini. Hiyo ndiyo mali ya mji. Safu nne za mizabibu si kitu."

"Si kitu kwa kuwa si zako."

"Ni afadhali mmoja apoteze, mji upone. Hata kanisani linasomwa."

"Linasomwa, Mzee," alisema Rosl. "Lakini aliyelisema ni Kayafa, alipotaka Yesu auawe."

Rosl alimaliza fungu lake, akalifunga, akaliweka pamoja na mengine. Lilikuwa limefungwa vizuri kuliko ya mzee, na wote wawili waliliona.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi ulio juu ya kituo cha zimamoto, mahali tunapochezea ngoma za kanivali. Karatasi za rangi za kanivali zilikuwa bado zinaning'inia kwenye taa. Bwana mpima alikuwa kijana wa kusini mwenye miwani na mafua. Alitandaza ramani, akawa anasoma kipande kwa kipande, jina kwa jina, akimaliza anauliza, "Kuna pingamizi?" na watu wanasema hakuna, wanarudi kwenye kunong'onezana. Saba walikuwa wamekaa mstari wa mbele na suti zao nyeusi. Alban alikuwa wa mwisho kushoto. Rosl alikuwa amekaa nyuma yake, na shingo ya shati la mumewe, aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ile bila kusema neno, ilikuwa mbele ya macho yake.

"Tanuri, mpaka kama ulivyothibitishwa na Saba. Safu nne kwa Amthor, Ewald. Kuna pingamizi?"

"Lipo," alisema Rosl.

Bwana mpima alitafuta ni nani aliyesema. "Jina lako, mama?"

"Rosl wa Büttner," walijibu watu watatu kwa pamoja.

"Pingamizi juu ya nini?"

"Alama ilitolewa mahali pake Jumatano ya Majivu, ikazikwa upya ndani ya shamba langu."

Mtu mmoja alisema Yesu na Maria. Hedwig alishika mkono wa mumewe. Bwana mpima alipenga kamasi, akamgeukia Mzee Kilian. "Je, alama ipo pale mlipoonyesha?"

"Ipo," alisema Kilian.

"Hilo ni kweli, ipo," alisema Rosl. "Mimi naulizia nani aliiweka."

"Una ushahidi?"

"Umekaa mbele yako, bwana. Wote saba."

Kijana yule alionekana kuwa mtu mwema. Aliweka kalamu chini, akasema kwamba hayajui mambo ya mji huu, ila anamhitaji mmoja wao aseme ndiyo au hapana. Akawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza akasema, "Nimeapa." Wa pili akasema, "Nimeapa." Walikuwa wanatazama sakafu. Alipofika kwa Alban, watu walisimama nyuma ili wamwone. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho kwenye kola.

Rosl alisubiri. Mpaka dakika ile, na hili hakupata kumwambia mtu, alidhani atasema. Alidhani mtu akiulizwa mbele ya watu wote, mke wake yuko nyuma yake kiasi cha kusikia pumzi zake, atasema.

"Nimeapa," alisema Alban.

Bwana mpima alichukua kalamu. "Pingamizi bila ushahidi," alisema kwa upole. "Safu nne kwa Amthor, Ewald. Pole, mama."

Ingeishia hapo. Lakini Walburga muuza nyama, mwanamke mwenye sauti ya kupasulia mifupa, alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Mzee Kilian," alisema. "Alama mmeiapia, sawa. Udongo nao mmeuapia?"

"Udongo gani?"

"Udongo mliochimba. Ulikuwa mgumu au laini? Udongo si siri. Kila mtu ana wake."

Kilian aliinuka, akashika kofia yake. Kila mmoja wetu aliona anataka kusema mgumu. Lakini alikuwa mtu asiyejua kusema uongo kwa mdomo wake mwenyewe. Alijua kunyamaza tu. Alisimama hivyo na kofia yake, kisha akakaa bila kujibu. Kijana wa miwani akafungua ukurasa mwingine, akasoma kipande kilichofuata, na hakuna aliyemsikiliza.

*

Jumapili baada ya misa watu hawakwenda kwenye divai ya saa nne. Walipanda mlimani wakiwa na nguo zao za kanisani. Kuanzia uwanja wa soko uliweza kuwaona wametapakaa kwenye matuta yote, wanaume kwa suti, wanawake kwa makoti ya manyoya ya sungura, kila mtu amechuchumaa penye jiwe lake, anabonyeza udongo kwa kidole, kwa ncha ya mwavuli, kwa ufunguo wa nyumba. Ndugu wawili walikuwa tayari wanasukumana karibu na msalaba wa mawe. Mtu mmoja alikuwa anachimba kwa kijiko, waziwazi, wala hakumwambia mtu yeyote ageuke.

Irmgard alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi. Mama yake alikuwa amemwomba radhi kituoni kabla hata hajaweka mfuko chini, kwa maneno machache, na Irmgard akamkumbatia. Lakini alikuja pia kusema kwamba yeye na Burkhard wamepata nyumba ya kupanga karibu na kiwanda. Sasa alikuwa chumbani juu, anakusanya vitu vyake vya utotoni alivyotaka kwenda navyo.

Rosl alikuwa jikoni akimenya viazi. Alban alisimama dirishani, amewatazama wale watu mlimani tangu walipoanza kupanda. Ewald hakuwa amefika tangu Ijumaa kumsalimia. Saba walikuwa wamekutana Jumamosi bila kumwita.

"Wataharibu kila kitu," alisema Alban.

Rosl alitoa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu.

"Bado hajaondoka yule kijana," alisema Alban. "Analala pale hotelini mpaka kesho. Amesema akiletewa ushahidi atafungua tena." Akasogea mezani, akavuta kiti, lakini hakukaa. "Mimi siwezi kusimama mbele yao, Rosl. Miguu haitanibeba. Lakini naweza kukwambia wewe. Nitakwambia alama ni nini, na inalazwaje. Ukiijua, utampeleka pale penye ngazi, utamwonyesha kitanda cha zamani cha alama, bado kipo kwenye udongo mgumu, kila kitu kimeacha umbo lake. Atakupa safu zako. Hakuna atakayejua umeyatoa wapi."

Kisu kilisimama. Juu chumbani Irmgard aliburuta sanduku, sakafu ikalia. Rosl aliisikia ile sauti mpaka ilipofika kwenye ngazi. Alijua kwamba maneno machache tu ya mtu huyu yangemrudishia Tanuri, na pengine lile sanduku lingepandishwa tena. Alijua pia kwamba mlima mzima pale nje ulikuwa umesimama juu ya kitu hicho alichotaka kumwambia, kitu ambacho baba yake, aliyeishi naye nyumba moja miaka yote, hakumtajia, hata alipoweweseka kwa homa.

Alban aliinama kumsogelea, akashusha sauti. "Ni kipande cha—"

"Nyamaza," alisema Rosl. Alichukua kiazi kingine. "Hiyo nayo si yako ya kutoa."